Mwalimu Aliyegonga Kikombe Nyuma ya Pazia

Habari za kifo chake nilizipata kwenye kundi la WhatsApp, zikiwa zimebanwa kati ya tangazo la mbegu za alizeti na picha ya keki ya mtu aliyekuwa akisherehekea kuzaliwa. Kwa kuwa sisi ni watu wa huruma, tulimtakia pumziko la amani upesi upesi, tukabandika mishumaa na mikono ya kuomba, kisha mmoja wetu akarudi kuulizia bei ya mbegu. Ndipo mwingine akauliza swali ambalo kwa kawaida hujibiwa kabla mwulizaji hajaweka simu chini: "Msiba uko wapi?" Halikujibiwa. Jioni likaulizwa tena. Asubuhi ya pili lilikuwa bado linaning'inia pale pale, na kundi zima, ambalo hujua hadi nani amegombana na nani kwenye kamati ya harusi isiyomhusu, halikuwa na jibu. Mwanamke yule alikuwa amelala kwenye chumba cha maiti Mugumu, na watu wa pande mbili walikuwa wanabishana ni nani mwenye haki ya kumlilia rasmi.

Niwaeleze mapema ili msisumbuke kama tulivyosumbuka sisi. Marehemu alizaliwa Natta, kwa wakulima na wafugaji waliokuwa pale tangu kabla watalii hawajaanza kupita na magari yao ya kufunguka paa. Aliolewa Gorong'a, upande wa Tarime, kwa ndoa ya kanisani, na ng'ombe wakatoka kama inavyotakiwa. Baadaye yeye na mumewe walitengana kimya kimya, bila talaka ya mahakama wala ya wazee, akarudi shule, akasoma, akawa mhadhiri wa chuo kikuu. Kwa miaka yote hiyo ukoo wa mume haukuwahi kumtumia hata salamu ya Krismasi. Alipofariki, ghafla walikumbuka kwamba ni mke wao mpendwa, wakatangaza kuwa atazikwa kwenye boma la mumewe na kwamba mahali pa kaburi pameshapimwa. Mama yake mzazi, mjane ambaye mtoto huyu ndiye pekee aliyekuwa amembakia, alitaka jambo moja: kaburi ambalo ataliona akifungua mlango asubuhi. Natta na Gorong'a si mahali pa kwenda na kurudi kwa mtu mwenye magoti kama ya mama yule. Mwanawe akizikwa kule, angemzika siku ile na asifike tena kaburini. Hilo ndilo lililokuwa likigombewa, na katika ugomvi huo kila mtu alikuwa na kauli isipokuwa yeye.

Kama msiba unaruhusu kichekesho, na marehemu angekiruhusu, basi hiki hapa: kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kufundisha watu namna ya kukaa na familia zinazogombana. Wanafunzi wake walikuwa wa shahada ya juu ya ushauri wa wanandoa na familia. Akimaliza kuwafundisha darasani, aliwaleta kwetu Serengeti kwa mafunzo ya vitendo, wakaketi na wanandoa halisi wenye ugomvi halisi, huku yeye akiwasimamia. Chuo kilikuwa kimeazima chumba nyuma ya kanisa moja huko Morotonga. Kilikuwa na viti vya plastiki, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha lililotazama shamba la mahindi, hivyo wanandoa waliochoka kutazamana waliweza kutazama mahindi. Watu wengi walishangaa kusikia kwamba kazi hiyo inasomewa chuo kikuu. Walishangaa kwa haki. Katika nchi hii kila mwenye mdomo ni mshauri wa ndoa. Shangazi anashauri, mchungaji anashauri, fundi cherehani anashauri huku akikupima kiuno, na dereva wa bodaboda uliyempanda kutoka sokoni anakushauri kabla hujafika, bila nyongeza ya nauli. Kwamba kuna mtu analipa ada na kukaa miaka darasani ili ajifunze kunyamaza, hilo lilionekana ni ubadhirifu.

Na kweli hicho ndicho alichokuwa akifundisha: kunyamaza. Wenzake huko mbali, alinieleza, huwasimamia wanafunzi kupitia kioo maalumu. Anayesimamia anaona chumba cha ushauri, walio chumbani hawamwoni. Aliomba chuo kinunue kioo hicho. Maombi yalipanda ofisi hadi ofisi, yakapata saini na mihuri, yakajadiliwa na watu waliovaa vitambulisho shingoni, na baada ya muda mrefu kioo kikaletwa Morotonga kwa gari la chuo, kimefungwa blanketi. Kilipofunguliwa kilikuwa kioo cha kabati la nguo, kizuri, chenye maua pembeni. Mtu mwingine angelia. Yeye alikitundika ukutani, upande wa kuingilia, akawaambia wanafunzi wake, "Chuo kimefikiri kuliko mimi. Kabla hujaingia kumtazama mwenzio, jitazame." Kisha akanunua kitambaa kizito cha kahawia pale Mugumu, akagawanya chumba kwa pazia, akaketi nyuma yake na chai yake ya rangi katika kikombe cha bati. Kila mwanafunzi alipoacha kusikiliza na kuanza kuhubiri, aligonga kikombe kwa kijiko. Ti. Maana yake: umeongea vya kutosha. Akiendelea, aligonga tena kwa nguvu zaidi. Wanandoa walidhani kuna mtu anakunywa chai. Wanafunzi walijua ni hukumu.

Nilikwenda pale kwa ajili ya safu hii, nikiwa na maswali yangu yaliyopangwa vizuri, na akaniweka naye nyuma ya pazia baada ya kuwaomba ruhusa waliokuja. Siku ile walikuja wanawake wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima, ana kilemba na fimbo. Mwingine ni msichana aliyekwisha kuwa mama, amevaa fulana yenye nembo ya kambi ya watalii. Mkubwa alipoulizwa kama anakubali tusikilize, alijibu, "Nyumbani wanasikiliza wengi kuliko hawa, na hakuna anayeomba ruhusa." Nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulike, lakini jibu hilo ni lake. Mwanafunzi wa zamu alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi kutoka Morogoro, msomi mzuri, hajaoa, na amefundishwa kwamba ushauri wa wanandoa hauanzi mpaka wanandoa wote wawili wawepo. Akawaamkia, wakaitikia, akachungulia mlangoni kama kuna mtu anakuja.

"Tutamsubiri mume," akasema.

"Mume gani?" akauliza mama.

"Mume wa huyu dada. Au wa kwako. Yule ambaye ndoa yake ina shida."

"Amekaa hapa."

Kijana alitazama kiti cha tatu, kikiwa kitupu. Akatazama dirishani. Mwishowe, nawaapia, alitazama pazia, na nikahisi kwamba kwa dakika hiyo mume anayeshukiwa nilikuwa mimi.

"Mura," mama akamwambia, akimwita kijana kwa Kikurya, "unamtafuta wapi? Si unaongea naye?"

Kwa wasomaji wa mbali: kwetu mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, au hakujaliwa mtoto kabisa, anaweza kuoa mke. Anatoa mahari, anamleta msichana nyumbani, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Utaratibu huu unaitwa nyumba ntobhu, na Wakurya wanaujua vizuri hata wale wanaojifanya wameusikia kwenye redio tu. Kijana wa Morogoro hakuwahi kuusikia hata kwenye redio. Lakini alikuwa amesoma, na mtu aliyesoma akikutana na jambo asilolijua hafungi mdomo, anatoa mada. Akaanza kueleza maana ya ndoa. Akataja sheria, akataja haki, akawauliza kama wanafahamu kwamba kitaalamu wao si wanandoa na pengine walipaswa kwenda ofisi nyingine. Msichana alikuwa anachezea uzi wa fulana yake. Mama alikuwa anamsikiliza kwa makini, kama mtu anayeangalia mbuzi asiyemjua akiingia shambani kwake.

Ti, kikombe kikalia.

Kijana akasita, kisha akasema kwa kumalizia angependa tu kufafanua jambo moja. Kikombe kikalia tena, safari hii chai ikamwagika kwenye daftari langu. Kijana akafunga mdomo. Nilimtazama mwalimu wake akitabasamu gizani, na ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anajua tangu asubuhi ni wanandoa wa aina gani wanaokuja, na alimpa kijana yule kwa makusudi. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, cha aina ile inayofanya watu wakohoe bila kikohozi. Aliyekivunja ni msichana.

"Mama hataki niende kazini kambini," akasema, akimwambia yule kijana.

"Sijasema hataki," mama akasema, naye akimwambia kijana. "Nimesema anachelewa. Mwambie anachelewa."

"Nafua mashuka ya wageni, nitawaacha walale bila mashuka? Nikichelewa, majirani wanaambiwa kabla yangu. Nakuta kikao kimeshakaa, nimeshajadiliwa, nimeshahukumiwa, na chakula kimeshapoa."

Kijana alifungua mdomo. Akautazama upande wa pazia. Akaufunga. Huo ulikuwa ufundi mkubwa kuliko wote alioonyesha siku ile. Mama akapiga fimbo chini, akatazama mahindi dirishani, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu anayemwambia kijana tena, "Nimezika mume. Sikuzaa. Wewe ukipanda gari la wale wazungu usirudi, mimi napika kwa ajili ya nani?"

Msichana akaacha uzi. "Kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Ulikuwa hunisikilizi."

"Ulikuwa huniambii! Ulikuwa unamwambia mama wa jirani!"

Wakaanza kugombana, na wakatoka mlangoni wakipita mbele ya kile kioo chenye maua, bado wanagombana. Kijana alikuja nyuma ya pazia akiwa amelowa jasho, akasema ameshindwa, kwamba hakuwapa suluhisho lolote, na kwamba wameondoka vibaya kuliko walivyokuja. Mwalimu wake alikuwa anapangusa chai. "Wamekuja kila mmoja anaongea na wewe," akamwambia. "Wameondoka wanaongea wao kwa wao. Ulitaka nini zaidi, wakupigie makofi?" Kisha akamwambia aende akasome kuhusu watu anaotaka kuwasaidia kabla ya kusoma tena kuhusu ndoa. Nilichojifunza mimi siku ile ni kwamba chai ya rangi haitoki kwenye karatasi.

Nimeifikiria sana siku hiyo kila ninapoalikwa kwenye sherehe za kumuaga mwali, na ninaalikwa mara nyingi kwa sababu inadhaniwa mwandishi wa safu ana mchango. Mnazijua. Ukumbi umepambwa, bibi harusi mtarajiwa ameketi kwenye kiti cha kifalme cha kukodi, na wanawake wanapanda jukwaani mmoja mmoja kumfunda. Mmoja anamwambia avumilie. Wa pili anamwambia avumilie lakini kwa akili. Wa tatu, ambaye kwake hata mbwa ameondoka, anamwambia siri ya nyumba ni kuvumilia. Siku hizo hakuna anayemwuliza mwali chochote, kwa sababu angeweza kujibu. Huku kwetu tuna pia ufundi wa ziada. Mke akigombana na mume, mume haongei na mke. Anaongea na kaka yake. Kaka anaongea na wazee. Wazee wanaongea na wazee wa upande wa pili. Upande wa pili unaongea na shangazi, na shangazi anakuja kumweleza mke mumewe anasemaje, wakati mume mwenyewe amelala chumba cha pili na redio imewashwa. Ujumbe umezunguka wilaya mbili ili kuvuka ukuta mmoja. Tukiambiwa kwamba kuna mtaalamu anayeweza kuwaketisha hao wawili wakatazamana, tunauliza kwa dhati: sasa sisi tutafanya kazi gani?

Marehemu aliujua utaratibu huo kwa ndani, na watu hawakumwacha asahau. "Anafundisha ndoa, yake iko wapi?" ndiyo ilikuwa salamu yake ya pili kila alipofika Mugumu, ikitanguliwa na shikamoo. Niliwahi kumsikia akiulizwa hivyo na mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye heshima zake na wake wawili ambao kanisa linamjua mmoja. Alijibu kwa upole, "Baba, mkimpata aliyefaulu, nileteeni na mimi nijifunze kwake." Kuhusu mume wake hakuwahi kunieleza zaidi ya jambo moja, tulipokuwa tunasubiri gari: kwamba hakuwahi kupigwa, hakuwahi kunyimwa chakula, na mume wake hakuwa mtu mbaya. "Ila sikuwahi kujua anafikiri nini," akasema. "Nilijua wanachofikiri kaka zake. Nilikuwa nimeolewa na kikao." Nilicheka. Yeye hakucheka, akaniuliza kama gari limejaa.

Basi turudi kwenye msiba, maana kikao hicho sasa kilikuwa kimesafiri. Swali la kwenye kundi lilijibiwa hatimaye: pande zote zitakutana Natta, nyumbani kwa mama mzazi, kuamua. Nilifika asubuhi. Turubai lilikuwa limefungwa, sufuria za chai ziko motoni, na wanaume wa Gorong'a wameketi upande mmoja, wa Natta upande wa pili, kama timu za mpira zinazosubiri refa aliyechelewa. Mama wa marehemu alikuwa kwenye mkeka mlangoni, khanga kichwani, amezungukwa na wanawake wenzake. Mume alikuwa kiti cha nyuma kabisa, kofia magotini. Kwa mtu asiyewafahamu ingekuwa vigumu kujua kwamba hao wawili wanahusika na habari yenyewe. Na tena walikuwepo wanafunzi wake wa zamani, wamekuja kwa basi kutoka kila upande wa kanda, wote sasa ni washauri wenye vyeti, wamevaa nguo nyeusi na nyuso za utaalamu. Nikajiambia, leo hii familia imepata bahati ambayo hakuna familia iliyowahi kuipata. Wataalamu wa ugomvi wa familia wamejaa turubai zima.

Kaka mkubwa wa mume alisimama. "Hatukuja kugombana," akasema. "Tumekuja kumchukua mke wetu. Kila mtu anajua aliolewa, na kila mtu anajua hakupewa talaka. Mke anazikwa kwa mume wake."

"Mke wenu?" baba mdogo wa marehemu akadakia kutoka upande wa Natta. "Alipokuwa anaumwa, mlimletea uji?"

"Uji anapelekewa mtu aliyeaga. Yeye aliondoka bila kuaga."

"Aliaga. Mlikuwa mnaongea."

Upande wetu mtu alicheka akajifanya amepaliwa. Hapo akasimama ndugu mmoja wa mume anayeishi ng'ambo ya mpaka, aliyevukia Sirari alfajiri na hakuficha kwamba amechoka. "Mimi nimetoka mbali, na sijui tunangoja nini," akasema. "Hiyo maneno iliisha kitambo. Huyu bibi ni wetu. Ama mnataka tuanze kesi na maiti inangoja?" Kelele zikapanda. Mtu akataja ng'ombe. Mwingine akauliza ng'ombe wale wako wapi leo, hata mifupa yao. Kwenye mkeka mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua magoti.

Ndipo wataalamu walipoingia kazini. Wa kwanza alisimama akaomba, kama mtu mwenye uzoefu katika eneo hili, aeleze hatua ambazo mfiwa hupitia moyoni. Akazieleza zote, pamoja na zile zinazobishaniwa na wataalamu wenzake. Wa pili alipendekeza iundwe kamati ndogo yenye wajumbe kutoka pande zote. Wa tatu, ambaye nakumbuka marehemu alimgongea kikombe karibu kibonyee, alisema kwa unyenyekevu kwamba angependa kuishauri familia izike Gorong'a lakini ibada ifanyike Natta. Wa nne aliona kinyume chake. Wakaanza kushindana wao kwa wao kwa lugha nzuri ya kitaalamu, na familia ikawa inawasikiliza kwa mshangao, kwa sababu ilikuwa haijawahi kuona watu wanaogombana vizuri namna ile. Kazi yote ya mwanamke yule ilikuwa inazikwa pale kabla yake, na hakukuwa na ubishi wowote juu ya mahali pa kaburi hilo.

Ti.

Sauti ilitoka pembeni, karibu na sufuria za chai. Yule kijana wa Morogoro, ambaye siku hizi anafanya kazi Musoma na ameanza kuota mvi, alikuwa amesimama na kikombe cha bati mkono mmoja na kijiko mkono wa pili. Mshauri wa nne alikuwa katikati ya neno. Aliliacha hapo hapo. Wa tatu alikaa. Wote walionyamaza walitazama chini kama watoto waliokutwa juu ya mti wa jirani, na ndugu wa pande zote mbili, wasijue kilichowanyamazisha wasomi, wakanyamaza nao kwa tahadhari. Kijana akapita katikati ya viti mpaka nyuma kabisa, akachuchumaa mbele ya mume.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Tangu asubuhi unasemewa. Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Ameshasema," kaka mkubwa akajibu kutoka mbele. "Amesema kupitia kwetu."

Kijana hakugeuka. Aligonga kikombe tu. Kaka mkubwa, mtu ambaye nadhani hajanyamazishwa na yeyote tangu alipotoka jandoni, alibaki mdomo wazi, akikitafuta kwa macho hicho kinachomgongea. Mume aligeuza kofia yake, akaigeuza tena. Kimya kilikuwa kile kile cha Morotonga, na kijana yule, kwa sifa yake, hakukijaza.

"Hata siku aliyoondoka aliniuliza hivyo hivyo," mume akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu asiyeitumia sana. "Alisimama mlangoni na begi. Akasema, nisikie kwako tu, nibaki au niende? Nikamwambia ngoja kwanza niongee na kaka." "Niliporudi alikuwa ameshaenda."

Akaiweka kofia chini ya kiti.

"Mwacheni mama yake amzike."

"Wewe!" kaka mkubwa akafoka. "Unajua unachosema?"

"Najua. Ninasema mimi."

Akasimama, akapita mbele ya ndugu zake wote, akafika kwenye mkeka, akapiga magoti. Alipata shida kuanza, kwa sababu hajazoea, na pia kwa sababu mtu huyu hakuwa amekanyaga uwanja ule tangu siku ya kuleta mahari. "Mama," akasema, "naomba na mimi nimzike. Kama utaniruhusu."

Mama aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile kuna mtu alikuwa amemwuliza jambo.

"Utachimba?"

"Nitachimba."

"Jembe liko nyuma ya nyumba," mama akasema, akafunika kichwa chake vizuri, akaanza kulia kwa sauti kama mfiwa anavyostahili.

Alizikwa siku iliyofuata, upande wa mashariki wa nyumba, mahali ambapo mtu akifungua mlango hawezi kukosa kupaona. Mume alichimba hadi mikono ikatoka malengelenge, na kaka zake, baada ya kusimama kando wakinong'ona, walivua makoti wakamsaidia, kwa sababu hata wenye maneno mengi huchoka kutazama. Mshereheshaji alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba marehemu alikuwa mama wa ushauri, kwamba aliokoa ndoa zisizohesabika, na kwamba hakuchoka kuwaambia watu la kufanya. Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Hakuwahi kudai kuokoa ndoa yoyote, na la kufanya alikuwa hamwambii hata mtu aliyemlipia nauli. Ila lilikuwa tangazo la msiba, na kwenye matangazo ya msiba tunamsemea marehemu bila wasiwasi, kwa kuwa hana kijiko.

Ndoa yao, nadhani, ilikuwa imefanya mazungumzo yake ya kwanza siku ile, mmoja wao akiwa hayupo. Mke alimwuliza mumewe swali, akajibiwa baada ya miaka mingi, na jibu likampita likamfikia mama yake. Ninawajua wasomaji wangu. Wengine mmeshaanza kuandaa maoni yenu: kwamba alipaswa kuvumilia, kwamba mume alipaswa kumfuata, kwamba mila ni mila, kwamba mila zimepitwa na wakati. Sina shaka kwamba yote ni mazuri. Nawaomba tu kwanza mtafute kikombe cha bati na kijiko, muviweke karibu. Na kama ni lazima umsemee mtu, basi subiri afe. Na hata akishakufa, muulize kwanza yule aliyebaki kwenye mkeka mlangoni.